Mgongo wa Mrushaji

Kocha Mulcahy hakumwita Garrick Osterhaus ofisini. Angeweza kumwita, wakafunga mlango, wakaongea kama watu wazima. Badala yake alingoja hadi wanaume wote wa ukuta, wale wanaomkinga mrushaji katika mpira wa Kimarekani, wameketi, tisa kwa jumla pamoja na wa akiba, magoti yamewabana kwenye viti vilivyoundwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Ndipo akaenda ubaoni, akakibandua kibao chenye jina la Garrick kwenye pembe ya kushoto kilipokaa miaka tisa, akakibandika pembe ya kulia.

"Tumenunua mrushaji," alisema. "Colby Renner. Na Renner anarusha kwa mkono wa kushoto. Kuna asiyejua maana yake?"

Hapakuwa na asiyejua. Mrushaji wa mkono wa kulia akirudi nyuma na mpira kumtafuta wa kumrushia, kifua chake huelekea kulia na mgongo wake hubaki wazi upande wa kushoto. Huko kushoto ndiko anakotokea mvamizi, mtu wa ratili mia mbili na sabini anayekimbia kama paa, na mrushaji hamwoni hata kivuli. Kwa hiyo katika watu watano wa ukuta, aliye bora kuliko wote huwekwa pale kushoto kabisa. Katika timu ya Fuawe ya mji wa Erie, mtu huyo alikuwa Garrick. Warushaji wanne walikuwa wamecheza nyuma yake, na hakuna hata mmoja aliyetolewa kwa machela kwa uzembe wake. Kitu hicho kimoja ndicho alichokuwa nacho duniani cha kujivunia mbele za watu.

"Mgongo umehamia kulia," Mulcahy alisema, "na wewe, babu, unahama nao."

"Babu tena, Kocha? Nina miaka thelathini na mitatu."

"Umri wako naujua. Nilikuwa naangalia magoti. Kwa magoti hayo nilitaka kusema marehemu, nikakuonea huruma."

Wakacheka wote. Dombrowski, aliyecheza bega kwa bega na Garrick pale kushoto tangu aingie timuni, alicheka hadi kiti kikalia.

"Na kushoto anakaa nani?" Garrick aliuliza.

"Kushoto sasa tutakuwa tunasukuma, tunafungua njia ya wakimbiaji. Nataka mtu mzito, asiyefikiri sana. Wewe unafikiri, Osterhaus. Nenda kafikirie kulia."

Kwa mtu wa jukwaani, kuhama kutoka pembe moja kwenda nyingine ni hatua kumi tu. Kwa mwili uliofundishwa kitu kimoja kwa miaka tisa, ni kama kuambiwa uanze kula kwa mkono mwingine, na ukimwaga punje moja unapigwa. Mguu uliozoea kurudi nyuma sasa ulitakiwa ubaki. Ule uliozoea kubaki ulitakiwa urudi. Nyumbani Garrick alikuwa akimpakata binti yake Maren, mtoto wa miezi minne, halafu anarudi nyumanyuma jikoni, mguu wa kulia kwanza, tena na tena, hadi mtoto analala kifuani. Lindy, mkewe, alisimama mlangoni akimtazama.

"Unamfundisha Maren kukimbia wageni?"

"Namfundisha baba yake," alisema.

Lakini mwezi wa nane, kwenye mazoezi ya jua kali, mwili ulikataa. Siku moja mvamizi wa timu yao wenyewe alimpita kama anayepita kando ya mlingoti. Jioni Mulcahy akazima taa, akaonyesha tukio hilo kwenye video. Akalirudisha. Akalirudisha tena. Garrick mkubwa wa ratili mia tatu na kumi alionekana akiyumba, akipapasa hewa kwa mikono miwili, akianguka kwa makalio. Mara kumi na moja. Mara ya tano watu walikuwa bado wanacheka. Mara ya tisa walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Nisaidieni," Mulcahy alisema gizani. "Mimi sikusoma sana. Anacheza au anaogelea?"

Wiki iliyofuata nafasi ya kulia alipewa Javonte Pettway, kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka Alabama, ambaye alikuwa amecheza kulia tangu shule. Garrick akawa wa akiba. Na ili kidonda kipate chumvi, akaambiwa yeye ndiye atakayemfundisha huyo kijana.

"Nakuweka hadi mechi ya nne," Mulcahy alimwambia, safari hii wakiwa wawili, ila kwenye korido, watu wanapita. "Pettway akisimama imara, sina sababu ya kulisha watu wawili wa nafasi moja. Akiyumba, unarudi wewe. Sikufichi kitu."

"Kwa hiyo nimfundishe vizuri ili nifukuzwe."

"Umeona? Nilisema unafikiri."

Javonte alikuwa mtoto wa watu, amelelewa. Kila asubuhi alimpigia mama yake simu kabla ya kuvaa viatu, na kila alipoelekezwa jambo alijibu "ndiyo bwana" au "hapana bwana," hadi wenzake wakawa wanamwigiza. Garrick naye aliitwa "Bwana Garrick" siku tatu nzima, kijana hajashuka hadi "kaka."

"Kaka, mkono wangu uko sawa?" alikuwa akiuliza, ameinama, mkono wa kulia chini kwenye nyasi, makalio juu.

Garrick alikuwa akipiga goti mbele yake kuutazama. Na ni hapo, siku ya sita au ya saba, alipoona.

Mchezo ukiwa wa kukimbia, yaani ukuta unakwenda mbele kusukuma, Javonte aliuegemeza uzito wake wote kwenye mkono; vidole vilizama kwenye nyasi hadi kucha zikapotea. Ukiwa wa kurusha, yaani ukuta unarudi nyuma kumkinga mrushaji, ncha za vidole ziligusa tu, kama mtu anayepima joto la maji ya kumwogesha mtoto. Garrick alijaribu kumpanga mara kumi, akampa mchezo huu na ule. Mara zote kumi vidole vilisema ukweli kabla mpira haujatoka. Mvamizi yeyote mwenye macho angejua kinachokuja, na akishajua kwamba ni kurusha, hana haja ya kungoja wala kuhofu. Anaondoka tu.

Ni ugonjwa wa kawaida kwa vijana. Dawa yake ni wiki mbili za kukemewa. Garrick mwenyewe aliwahi kuugua, na mzee mmoja wa wakati huo alimkanyaga vidole kwa kiatu hadi akapona.

Alifungua mdomo.

"Osterhaus!" Mulcahy alipiga kelele kutoka upande wa pili wa uwanja. "Umeshindwa kusimama au unamchumbia?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Garrick akainuka, goti likalia kama kijiti kikavu.

"Mkono uko sawa," alisema.

"Kweli, kaka?"

"Uko sawa kabisa."

Akajiambia kesho atamwambia. Kesho ikafika, akajiambia kwamba makocha wako wanne na video wanazo, waone wenyewe, ndiyo kazi yao. Kesho kutwa hakujiambia kitu. Alipiga goti mbele ya mkono ule kila siku kwa wiki sita, akarekebisha nyonga, akarekebisha shingo, akarekebisha kila kiungo isipokuwa vidole. Na hakutaka mtu aumie, hilo lazima lisemwe. Alichokitaka ni kijana aaibishwe kidogo: apitwe mara moja, mara mbili, mrushaji aangushwe, aamke ajikung'ute, na Mulcahy alazimike kutafuta jina la Garrick kwa mdomo wake mwenyewe.

Mechi tatu za kwanza Javonte alisimama imara. Wapinzani walikuwa hawajamsoma. Kila Alhamisi Renner aliwatoa wanaume wa ukuta kwenda kula, kama warushaji wote wenye busara wanavyofanya, minofu ya ng'ombe inayoning'inia nje ya sahani na viazi vya kuokwa vinavyoelea kwenye siagi. Alhamisi ya tatu alimshika Javonte bega moja na Garrick bega la pili.

"Hawa wawili," aliwaambia wengine, "ndio macho yangu ya kisogoni. Mmoja anaona, mwingine alimfundisha kuona. Mke wangu huniuliza kama naogopa. Namwambia, niogope nini?"

"Uogope bili," Dombrowski alisema. "Huyu kijana ameagiza mnofu wa tatu."

"Samahani bwana," Javonte alisema mdomo umejaa, na meza nzima ikacheka, na Garrick akacheka nao.

Mechi ya nne walicheza na Toledo. Mvamizi wa Toledo, namba tisini na moja, aliinama mbele ya Javonte, na Garrick kutoka kwenye benchi akaona jambo moja tu: jamaa hakumtazama Javonte usoni. Alitazama chini, kwenye nyasi. Mchezo wa kwanza, vidole vilizama, tisini na moja akajikaza akangoja. Mchezo wa pili, vidole vilizama tena. Mchezo wa tatu ncha ziligusa tu, na tisini na moja aliondoka pamoja na mpira kana kwamba ni yeye aliyeutoa.

Javonte alikuwa bado anainuka.

Renner alikuwa amenyanyua mkono wake wa kushoto, kifua kushoto, macho mbali huko, mguu umejikita. Hakujua. Aligongwa mgongoni, mwili ukaenda mbele na goti likabaki pale pale. Watu wa benchi walisikia. Ulikuwa mlio mdogo tu. Halafu Renner alianza kulia kwa sauti ambayo mtu mzima huwa anaificha hata hospitalini, na Javonte akapiga magoti karibu naye akisema, "Samahani bwana, samahani bwana, samahani," hadi daktari akamsukuma.

Garrick alibaki amesimama. Kwanza, kabla ya huruma na kabla ya aibu, wazo lililompitia lilikuwa hili: *nafasi yangu.* Alijisikia akiwaza hivyo, na hakuweza kulirudisha wazo lilikotoka.

Jumatatu Mulcahy alizima taa. Hakumrudisha Renner akianguka. Aliisimamisha picha kabla ya hapo, akaivuta karibu, karibu zaidi, hadi vidole vya Javonte vikajaa ukuta mzima. Akaonyesha mchezo mmoja, akaonyesha mwingine. Vimezama. Vimegusa. Vimezama.

"Goti la Renner limekwisha," alisema kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko kelele. "Mwaka huu hayupo. Mwaka ujao Mungu ndiye anajua. Tulibadilisha ukuta mzima kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo ameuzwa na vidole vitano. Sasa. Nani alikuwa akimfundisha Pettway kuinama?"

Hakuna aliyegeuka. Wote walijua alipoketi.

"Kocha," Javonte alisema, "kosa ni langu. Kaka Garrick hakuliona. Angeliona angeniambia."

Mulcahy alimgeukia Garrick.

"Ni kweli, Osterhaus? Hukuliona?"

"Sikuliona."

"Wiki sita. Pua yako ikiwa hapa na mkono wake hapa."

"Sikuliona, Kocha."

"Sawa." Mulcahy aliwasha taa. "Mrushaji wa akiba ni Whit Sandoval. Anarusha kwa mkono wa kulia. Maana yake mgongo umerudi kushoto, na humu ndani anayeijua kushoto ni mmoja tu. Hongera. Jumapili unaanza, na Pettway ni akiba wako." Akakusanya karatasi zake. "Sijakupa kwa kuwa nakutaka. Ningekuwa na mbwa anayejua kurudi nyuma kwa mguu wa kushoto, ningempa yeye."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Kwenye chumba cha kuvalia Javonte alimngoja hadi wengine wametoka. Alikuwa amekaa, mikono juu ya mapaja, anaitazama kama vyombo alivyoazimwa.

"Kaka. Uliona?"

Ingekuwa rahisi. Neno moja tu. Lakini ukishasema uongo mara mbili mbele ya wanaume wenzako, wa tatu unakuwa mwepesi.

"Sikuona."

"Sawa," Javonte alisema. Akasimama, akachukua begi lake. Mlangoni alisema, "Kesho, bwana Osterhaus," na hakuwahi kumwita kaka tena.

Wiki ile wanaume wa ukuta walimpa Garrick kila neno la kazi na hakuna hata moja la ziada. Dombrowski, bega kwa bega naye, alimwambia nani anamshika nani, nani anaingia wapi, kwa sauti ya kusoma ratiba ya treni. Alhamisi hakuna aliyemwambia wanakula wapi. Alikula nyumbani, Lindy akimtazama.

"Umerudishiwa kushoto," Lindy alisema. "Mbona uso kama wa msibani?"

"Nimechoka."

"Renner ulikwenda kumwona?"

"Nitakwenda."

Jumapili walicheza na Scranton. Kwa mara ya kwanza tangu kibao chake kihamishwe mwezi wa tatu Garrick aliweka mkono wa kushoto chini kwenye nyasi zake za zamani, na kwa robo nzima ya mechi mwili ulikumbuka. Mvamizi wa Scranton, namba hamsini na tano, alijaribu kumzunguka kwa nje mara mbili, na mara mbili zote Garrick alifika kabla yake, akamsukuma mbali, Whit akarusha kwa nafasi. Watu wa jukwaani, wanaomjua miaka tisa, waliimba jina lake. Alihisi macho yanamlowa ndani ya helmeti.

Walipotoka kupumzika, Javonte alikuja akachuchumaa mbele ya benchi.

"Mguu wako wa kushoto unakwenda mbali mno," alisema. "Miezi yote ile ya kulia imekuchanganya. Unakimbilia nje, unaacha mlango wa ndani wazi. Hamsini na tano ameshaona. Mara mbili amekwenda nje ili kukulaza. Safari hii anaingia ndani."

Garrick alimtazama. Kijana hakuwa na hasira usoni. Hakuwa na chochote.

"Kwa nini unaniambia?"

"Si kwa ajili yako. Whit ana mgongo pia."

Akaondoka. Garrick alikunywa maji, akatema. Alifikiri, kama alivyozoea kufikiri. Huyu anakaa benchi kwa sababu yangu. Huyu anajua, si mjinga. Mimi nikiyumba, anaingia yeye. Sasa aje aniambie nichunge ndani? Ili nielemee ndani, jamaa anipite nje peupe, mbele ya dunia? Aliigeuza kila upande na kila upande ilitoka ile ile, kwa sababu aliipima kwa kitu alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni yeye mwenyewe. Angekuwa yeye ndiye aliyechuchumaa pale, angedanganya.

Alirudi uwanjani ameamua kulinda nje.

Mpira ulitoka. Mguu wake wa kushoto ulikwenda nyuma, mbali, mbali mno. Hamsini na tano alishusha bega, akaingia ndani kama mtu anayeingia kwake. Garrick aligeuka na mikono ikapapasa hewa. Aliona, kwa ukaribu ambao hajawahi kuona maishani, mgongo wa mrushaji wake: namba, jina, shati lililotoka kwenye suruali. Kisha hauonekani tena.

Mpira ulimtoka Whit. Scranton waliuokota, wakaukimbiza hadi mwisho wa uwanja.

Whit aliamka. Hilo ni la kushukuru. Aliamka kwa mikono na magoti kwanza, akatema damu ya ulimi, akasimama. Alimtazama Garrick, akaenda zake akichechemea.

"Pettway!" Mulcahy aliita. Hakumtukana Garrick. Hakumtazama hata. Alimpita kama anavyopitwa mtu asiye wa timu.

Javonte alikuwa tayari anafunga kamba ya helmeti, Dombrowski kando yake akivuta pumzi. Garrick alifika mbele yao. Sasa maneno yalikuja yenyewe, bila kupita mahali anapofikiria.

"Javonte. Akitaka kuingia ndani anashusha bega kwanza. Bega lake la kulia. Kabla hajakanyaga. Ukiliona tu bega, mzibie."

Javonte alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akamgeukia Dombrowski.

"Ni kweli?"

Dombrowski aliutazama uwanja.

"Nimeliona hilo bega," alisema. "Safari hii ni kweli."

Wakakimbia kuingia, bega kwa bega. Garrick alibaki amesimama kwenye mstari, helmeti mkononi, hadi mtu wa maji alipomwambia taratibu kwamba samahani, asogee kidogo, anawaziba watu.